Manila ya Januari anaichora nani?

Wiki ya kwanza ya Januari, kwenye maduka ya steshenari ya Mwanza mjini, kila mzazi ana orodha mkononi: madaftari, rimu, ufagio, na chini kabisa, manila mbili, rangi za maji na gundi. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyozusha manung'uniko.

Wanaonung'unika nawaelewa. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari havijawahi kuwa bure. Halafu kazi yenyewe ya sanaa inarudi nyumbani. Jirani yangu huku Mabatini ni seremala. Mwaka jana mwanawe wa darasa la pili aliagizwa kutengeneza mtumbwi wa boksi. Mtumbwi ukatoka umenyooka kama meza ya ofisini. Mtoto alikatazwa kuugusa asije akauharibu. Alama alipata nyingi, na baba mtu alitamba mtaa mzima.

Hata hivyo, wanaosema sanaa ni kupoteza muda sikubaliani nao. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo, na kwa watoto wa huku kwetu lina kazi kubwa kuliko mapambo ya ukutani. Chukua mtoto aliyekulia Misungwi au Magu, nyumbani Kisukuma kitupu. Siku ya tatu shuleni ukimuuliza jana alifanya nini, anakutazama tu. Mpe mkaa na kipande cha boksi: atachora ng'ombe, na baada ya muda atakuonyesha yupi ni wa babu. Kiswahili chake kinaanzia hapo. Vidole navyo, vikishafinyanga udongo na kuchanachana magazeti, havihangaiki sana na penseli.

Tena vifaa vimejaa mjini: vifuniko vya soda, nyavu kuukuu za soko la samaki la Mwaloni Kirumba, magamba ya sato yaliyooshwa na kuanikwa. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. (Ufunikwe, maana kuku wanaupenda.)

Hapa lakini nina angalizo. Gugumaji likikauka linasukika vizuri, na walimu wengine hulipenda. Ila ukiwaambia watoto "kesho kila mtu aje nalo", umewatuma ziwani. Konokono wanaoeneza kichocho hukaa kwenye maji tulivu ya ukingoni yenye majani, na vimelea hupenya ngozi ya mguu uliosimama majini. Alilete mtu mzima aliyevaa mabuti, tena likiwa limeshakauka.

Kwangu mimi, ugomvi wa manila unaisha kazi ikifanyika shuleni, mbele ya mwalimu, bila alama. Mwalimu ataniuliza: darasa hili la watoto wanaobanana wanne kwenye dawati moja, nawagawia rangi vipi? Swali la haki. Kuwatoa nje, kikundi kimoja boksi moja, wachore mawe ya Bismarck yaliyosimama ziwani kwa mkaa, kunapunguza gharama. Kelele hazipungui, na mwalimu wa darasa la jirani atalalamika.

Jirani yangu juzi kaniapia kwamba safari hii randa haitoki kwenye sanduku. Mwanawe alikuwa pembeni, kashika mkasi, akikata boksi la sabuni. Upande wa kushoto ulikuwa umeshakwenda mrama, na baba alikuwa amefumbata mikono nyuma, jasho linamtoka.