Sungura wa baharini asipewe jina la kubahatisha

Picha ya sungura wa baharini, mnyama laini wa jamii ya konokono, ikizunguka kwenye simu zetu, majibu ni yale yale: "konokono", "jongoo bahari", "ana sumu huyo, usimguse". Mjadala unaishia hapo. Hilo linaniuma, kwa sababu mnyama huyu akikosewa jina, thamani yake kwa sayansi inapotea.

Mchukue Dolabella auricularia, anayeishi Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo. Maji yakipwa utamkuta amejilaza kwenye majani ya bahari, ukampita ukidhani ni jiwe lililoota mwani. Mtazame nyuma. Mwili umeishia mshazari, kama muhogo uliokatwa upande, na hapo pana sahani bapa iliyozungukwa na vinyama vidogo. Ndani amebeba gamba gumu lenye umbo la sikio. Ndugu zake wa jenasi, yaani kundi, la Aplysia hawana sahani hiyo. Wao wana mabawa mawili ya nyama mgongoni, na gamba lao ni jembamba, linapindika.

Tofauti hizo si za kupuuza. Kutoka kwa Dolabella waliokusanywa Bahari ya Hindi, mwanakemia George Pettit na wenzake huko Arizona, Marekani, walichuja kemikali waliyoitangaza mwaka 1987, dolastatini 10. Kilo zisizopungua 1,000 za wanyama zilitoa miligramu zisizofika 30! Kwa kufuata muundo wake, wanakemia walitengeneza sumu ya kuua seli za saratani, na leo sumu hiyo imo ndani ya brentuximab vedotin, dawa ya limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Mwaka 2001 dolastatini 10 ilipatikana kwenye sianobakteria, vijidudu vinavyotumia mwanga wa jua, wa Palau, visiwa vya Pasifiki, ikaonekana kwamba sungura huyu huipata kwenye chakula chake. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Andika pia alikuwa wapi na anakula nini.

Hata wataalamu wamewahi kuchanganya. Kwa muda mrefu kila Aplysia mwenye pete nyeusi mwilini, awe wa Atlantiki au wa kwetu, aliitwa Aplysia dactylomela. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ni spishi nyingine, Aplysia argus. Nani anajua ni matokeo mangapi ya zamani yameandikwa chini ya jina lisilo lake?

Kwenye utafiti wa ubongo, kosa kama hilo ni zito zaidi. Aplysia californica ana seli za neva takriban 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na baadhi zimepewa namba kwa sababu hukaa mahali pale pale kwa kila mnyama. Ndiyo maana mtafiti wa ubongo Eric Kandel aliweza kufuatilia kumbukumbu seli kwa seli. Ukimgusa mnyama huyu mrija wake wa kutolea maji, anarudisha matamvua ndani. Ukimgusa tena na tena, anazoea. Akipigwa shoti mkiani, anashtuka zaidi kuliko mwanzo. Kumbukumbu fupi huimarisha miunganiko ya seli iliyopo, ile ya muda mrefu huotesha mipya. Kazi hiyo ilimpa Kandel sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Ramani ya seli namna hiyo ina maana pale tu watafiti wote wanapokuwa na uhakika ni mnyama yule yule.

Basi tukimwona, tusimminye ili atoe wino wa zambarau. Tumpige picha juu, ubavuni na nyuma, tuandike mahali, tarehe na mwani aliokuwa juu yake. Na taasisi zetu za bahari, Unguja na Mombasa, ziwatafute wanawake wanaochokoa pweza miambani. Hao wanapita kwenye makazi ya wanyama hawa kila bamvua. Walipwe kama wasaidizi wa utafiti, na majina yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za sampuli wanazoleta.