Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua ya propela

Kijana akishapata leseni ya urubani wa biashara, akabahatika kuajiriwa na shirika lenye ndege za aina zaidi ya moja, huenda akaulizwa angependa kuanza na ipi. Wengi hujibu kabla swali halijaisha: jeti! Nawaelewa. Ukikulia Kisumu ukitazama Embraer 190 ya Kenya Airways ikiinuka pale kando ya ziwa, propela haikuingii ndotoni. Hata hivyo, kwa rubani mgeni atakayeruka njia zetu hizi fupi, mimi namwambia achukue Dash 8, ndege ya propela.

Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa anga ni kama kilomita 265. Embraer ina uwezo wa kupanda hadi futi 41,000, lakini kwenye safari hiyo haifiki huko. Haijatulia juu vizuri, imeshaanza kushuka. Dash 8-400 inaishia futi 25,000 na hukimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa, kwa hiyo ndege hizo mbili zinapishana dakika chache tu, ambazo abiria atazipoteza akingoja begi lake. Jambojet ilipoanza mwaka 2014 ilitumia Boeing 737-300, kisha ikahamia Dash 8-400. Kwa masafa mafupi propela hunywa mafuta kidogo, na anayeuza tiketi za bei nafuu lazima ahesabu kila lita.

Hiyo ni hesabu ya mwenye ndege. Ya rubani ni kutua. Kwa siku moja ya kazi unaweza kwenda Kisumu na kurudi, kisha Malindi na kurudi. Hapo mmetua mara nne, mkigawana na kapteni mbili ni zako. Mwenzako wa jeti aliyekwenda Lusaka na kurudi, kwa mgao huohuo, ametua mara moja, na saa nyingi alizoandika kwenye daftari lake alikuwa anaangalia ndege ikijiendesha.

Tena Dash haina ule mfumo wa kujirekebishia nguvu za injini ulio kwenye Embraer. Vishikio vya nguvu ni vya mkono wako tangu mnaruka hadi mnasimama. Chukua Kisumu saa tisa alasiri. Upepo wa ziwa umeshaamka, mawingu yamerundikana upande wa Nandi, na huko Kericho pengine mvua ya mawe inachapa majani chai. Unakuja kutua ndege ikitikisika. Ukivirudisha vile vishikio nyuma kwa pupa, mapanga ya propela yanaanza kuzuia hewa na ndege inazama ghafla. Silika inakwambia uinue pua. Usithubutu. Mwili wa Dash 8-400 ni mrefu, na pua ikipanda kupita kiasi mkia unagonga lami. Kuna hata taa mbele yako ya kukuumbua ukishaugonga. Kwa hiyo unaongeza nguvu kidogo tu, pua unaiacha ilipo, unasubiri magurudumu. Mkono unaojifunza kazi hiyo mapema hausahau, hata ukija kurusha ndege inayojifanyia mambo mengi yenyewe.

Sisemi Dash haina kasoro. Ina kelele, na De Havilland Canada ilisimamisha utengenezaji wa Dash 8-400 mwaka 2021, wakati washindani wao ATR wanaendelea kuunda zao kule Toulouse. Ila kusimama kwa kiwanda hakujaziondoa angani. Hapa Kenya familia ya Dash 8 iko Jambojet, iko Skyward, iko Safarilink. Ukivuka mpaka utaikuta Air Tanzania na Ethiopian. Mashirika ya ndege kwetu hufungua na kufunga, na reitingi, yaani kile kibali cha kurusha aina fulani ya ndege, ni ghali. Ni afadhali uwe na reitingi inayotakiwa kwenye milango mitano kuliko ile ya kifahari inayotakiwa kwenye mmoja. Kabla hujatia sahihi, soma pia ule mkataba wa kukufunga miaka kadhaa kwa sababu kampuni imekulipia mafunzo. Usome wote, na umwonyeshe wakili.

Jambo lingine ni ukapteni. Leseni ya juu kabisa inataka saa 1,500 za kuruka, lakini kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kinataka pia nafasi. Kwenye propela nafasi hutokea upesi kidogo, kwa sababu wakubwa wako nao wanakimbilia jeti. Waache waende.

Shida ni watu wa nyumbani. Uko kwenye matanga, umekaa chini ya hema, na mama mmoja jirani anakuuliza kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, bado hawajakupa ile kubwa? Uko tu kwa hii ya mapanga?" Utamweleza nini? Mwambie, "Bado, mama, tuombeane," umpokee chai. Kuchagua jeti ili kumridhisha yeye ni kama kupanda nganya, ile matatu ya madoido, pale Kondele kwa sababu ya muziki, bila kuuliza inakwenda wapi.

Wapo wanaostahili kuanza na jeti. Kama mpango wako ni nchi za Ghuba, mashirika mengi ya huko yanathamini saa za jeti kuliko za propela, na ukizikusanya mapema umepunguza foleni. Huyo simkatazi, mradi ajue kwamba atatua mara chache na itambidi aombe zamu fupi kila zinapopatikana.

Na aliyeitwa kurusha Caravan, ile ndege ndogo ya propela, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, asione amedharauliwa. Ina injini moja, na viwanja vyake vingi ni vya vumbi. Lakini huko ndiko utaanza kuandika saa za ukapteni wakati wenzako wa darasa bado wanasoma orodha za ukaguzi wakiwa kiti cha kulia. Mimi fomu ya mapendeleo ningeijaza hivi: Dash kwanza, Caravan ya pili, Embraer ya tatu.