Swichi Isiyojulikana Kazi Yake Isiachwe Hivi Hivi Ukutani

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam hukosi swichi moja ambayo ukiibonyeza hakuna taa inayowaka wala pangaboi linalozunguka, na ukimuuliza mwenye nyumba atakujibu kwamba hiyo achana nayo. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Nyuma ya swichi hiyo huenda kuna waya wenye umeme wa volti 230, iwe imewashwa au imezimwa, na anayelipia kila kinachopita hapo ni mpangaji.

Wengi huibonyeza harakaharaka huku wakitazama dari, kisha hukata tamaa. Ni afadhali iwashwe na iachwe hivyo, ndipo mtu azunguke nyumba nzima akijaribu kila soketi kwa chaja ya simu, akague bafu, pampu inayopandisha maji kwenye tangi na kengele ya getini. Taa za nje zikaguliwe usiku, kwa kuwa baadhi yake zina kifaa kinachohisi mwanga na mchana haziwaki hata zikipata umeme. Kwenye ngazi au korido, huenda swichi inayodhaniwa imekufa inashirikiana na nyingine iliyo upande wa pili, na balbu yao ndiyo iliyoungua. Ikiwa ni swichi pana, yenye kitaa chekundu na maandishi ya 20A au 45A, basi hiyo kwa kawaida ni ya hita ya maji au ya jiko.

Kisha kuna mita, ambayo naiamini kuliko kumbukumbu za mtu yeyote. Pale mita yenyewe inapofikika, zima kila kitu, jokofu likiwemo, halafu washa swichi hiyo peke yake na utazame kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho huandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Ikiwa ni 1000, hita ya kilowati 3 itakifanya kipepese mara 50 kwa dakika, ilhali balbu ya wati 10 itakipepesa mara moja tu katika kila dakika 6, kwa hiyo usiondoke mapema. Katika nyumba zenye wapangaji kadhaa, kipimo hiki kinaweza kufichua kwamba taa ya uani inayotumiwa na wote inakula LUKU ya mtu mmoja, jambo ambalo limewagombanisha majirani wengi. Hita ya tangi nayo ikisahauliwa hupasha maji tena kila yanapopoa, hata kama hakuna anayeoga.

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi si uniti. Swichi inaweza kuwa na waya uliokatwa na kufukiwa ndani ya plasta wakati wa ukarabati, ukingoja msumari wa mtu anayetundika picha. Yapo pia makosa ya kuunga swichi kwenye waya wa nyutro, unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, unaouleta: taa huzimika vizuri, lakini holda ya balbu hubaki na umeme, na anayebadilisha balbu hana dalili yoyote ya kumwonya. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa mpangaji uishie nje ya kifuniko. Kufungua swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, baada ya kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa testa.

Fundi huyo asiondoke kabla hajaandika jina la kila breka kwenye boksi la umeme na kuchora, hata kwa kalamu ya kawaida, swichi ipi inaendesha nini. Swichi isiyo na kazi iondolewe, na nyaya zake zitenganishwe na umeme kule zinakoanzia. Mikataba ya pango huorodhesha vitasa, masinki na vioo vya madirisha. Mchoro huo nao uambatanishwe, na mpangaji auombe kabla hajatoa kodi ya miezi sita.