Kozi za bure za vyuo vikuu mtandaoni: zimemfikia nani?

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilifungua somo lake la akili bandia kwa yeyote mwenye intaneti, bila ada, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata zikaanzishwa Udacity, Coursera na edX, majukwaa ya kutolea kozi za namna hiyo mtandaoni, na hazikukosekana sauti za kutabiri kwamba siku za vyuo vya kawaida zinahesabika.

Wanaozipinga kozi hizi hushika kwanza idadi ya wanaomaliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliochambua kozi za mtandaoni za Harvard na MIT, vyuo vikuu viwili vya Marekani, ulionyesha kwamba mwaka 2017/18 walimaliza takriban asilimia 3 tu ya washiriki. Kwa maoni yangu hoja hii hupewa uzito kuliko inavyostahili. Kujiandikisha ni bure, hivyo anayesikiliza mihadhara miwili, akapata alichokitafuta na kuondoka, huhesabiwa sawasawa na aliyeshindwa. Na katika utafiti huohuo, wale waliolipia cheti walimaliza kwa kiwango kinachokaribia nusu.

Linalonisumbua zaidi ni wasifu wa wanaofaidika. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipowahoji wanafunzi wa kozi zake za Coursera mwaka 2013, zaidi ya asilimia 80 walikuwa tayari na elimu ya juu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, California, kilijaribu kufundisha hisabati za msingi kupitia Udacity, wakiwamo wanafunzi waliokwisha kufeli somo hilo. Waliofaulu wakawa wachache kuliko wa darasani, na jaribio likasitishwa. Kusoma peke yako bila mtu wa kukuuliza umefika wapi ni ujuzi, na kwa kawaida ujuzi huo hupatikana katika shule nzuri, yaani palepale ambapo mlengwa wa kozi hizi hakubahatika kupita.

Watetezi hujibu kwa mfano wa kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, aliyepata alama zote katika kozi ya saketi za umeme ya MIT mwaka 2012, kisha akapokelewa na chuo hicho. Mfano ni wa kweli, na bila kozi ile huenda kipaji chake kisingejulikana. Lakini husahaulika kwamba mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, na kwamba alipatikana mtu wa kuwaletea wanafunzi vifaa vya maabara na kuwaongoza kwa vitendo. Video hazikufanya kazi peke yake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina uzoefu wa jambo hili: kinafundisha kwa masafa, lakini kimeweka vituo mikoani. Kwa hiyo sioni sababu ya vyuo vyetu ama kuzibeza kozi hizi ama kuzitegemea zilivyo, hasa kwa kuwa nyingi ni za Kiingereza na vyeti vyake sasa hulipiwa. Mihadhara mizuri ya saketi au takwimu inaweza kuchukuliwa pale leseni inaporuhusu, ikafafanuliwa kwa Kiswahili katika kituo chenye intaneti, na mtihani ukasimamiwa na chuo chenyewe. Gharama kubwa ya mpango huo itakuwa mshahara wa mkufunzi.