Bwawa la Nyerere na kalenda ya mto Rufiji

Ukimtajia mafuriko mzee wa Rufiji, usishangae akikuuliza: yapi? Kuna maji yanayopanda polepole wakati wa masika, yakatulia bondeni, kisha yakashuka na kuacha tope lenye rutuba. Katika unyevu huo watu hupanda mahindi, kunde na mboga bila kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho wanakiita mlau. Na kuna maji yanayokuja kwa pupa, yakazoa mpunga pamoja na dungu la mlinzi. Ofisini yote mawili huandikwa "mafuriko", na nadhani mjadala wa Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme kwenye mto Rufiji, huanza kupotea hapo hapo.

Bwawa lenyewe halina udogo. Ukuta wake una kimo cha mita 131, na nyuma yake panaweza kukaa zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji. Mashine tisa za megawati 235 kila moja zinafanya jumla ya megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme Februari 2024. Aliyeishi Tanzania miaka ya mgao anajua maana yake: kinyozi aliyekaa mlangoni akisubiri umeme, zahanati yenye friji iliyozima, fundi wa kuchomelea aliyekosa kazi ya siku. Mashine chache tu za kwanza zilipowaka, shirika la umeme TANESCO lilijikuta na umeme wa ziada kiasi cha kuzima vituo vingine vya umeme wa maji kwa muda. Anayeuzungumzia mto Rufiji bila kuyataja hayo hawatendei haki mamilioni ya watu walioko mbali na mto huo.

Lakini bwawa hili liliahidiwa kwa wananchi likiwa na faida mbili ambazo haziishi pamoja kwa amani: umeme wa uhakika na kinga ya mafuriko. Mzalishaji wa umeme anataka bwawa lijae mvua zinapokwisha, maana kina kikubwa ndicho kinachosukuma mashine mwaka mzima. Anayezuia mafuriko anataka bwawa liwe na nafasi kabla mvua hazijaja. Mwaka wa mvua za wastani wote wawili huweza kuridhika. Mwaka wa El Niño, wenye mvua kupita kiasi, mmoja lazima aumie.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024. Maji yaliingia bwawani kwa wingi, milango ikafunguliwa, na wilaya za Rufiji na Kibiti zikafunikwa: nyumba, mashamba, barabara. Wakazi wengi wakanyoosha kidole kwa bwawa. Upande wa serikali ukajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ukuta ulizuia sehemu ya maji. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Bwawa lililokuwa bado linajazwa lilipunguza kilele cha maji, na wakati huo huo mwananchi wa Muhoro hakuwa na kalenda yoyote ya kumwambia milango ingefunguliwa lini na kwa kiasi gani. Maji ya mvua alizoea kuyasoma mawinguni. Haya yanatoka kwenye uamuzi wa mtu.

Tatizo la pili halina kelele. Karibu maji yote ya Rufiji, ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hupita kwenye korongo la Stiegler, lilipojengwa bwawa, kabla ya kushuka uwandani. Mto ukitiririka kwa kiwango kimoja mwaka mzima, kama mashine zinavyopenda, maziwa madogo ya bondeni kama Ruwe, Zumbi na Utunge hayapati maji mapya wala samaki wapya. Huko chini kabisa kuna delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, mazalia ya kamba wanaovuliwa kuelekea kisiwa cha Mafia. Mikoko hutaka maji baridi ya kupunguza chumvi, na hutaka tope la kusimamia. Maji unaweza kuyaachia kwa kufungua mlango. Tope limelala nyuma ya ukuta, na sijui mlango wa kulitoa lote.

Hata hivyo, bwawa si mkosaji pekee. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya Usangu, juu ya mto huo. Mikoko ya delta ilikuwa ikikatwa kwa nguzo na mashamba ya mpunga kabla zege halijamwagwa.

Bonde hili hili tayari lina somo lake. Kituo cha umeme wa maji cha Kihansi kilipoanza karibu mwaka 2000, maporomoko yaliachiwa maji kidogo tu, na manyunyu aliyoishi nayo chura mdogo wa Kihansi yakatoweka. Baadhi ya vyura walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa; porini walitangazwa kutoweka mwaka 2009, wakaanza kurudishwa 2012 huku mabomba yakinyunyiza maji bondeni. Gharama yote hiyo kwa sababu swali la maji ya kuachia liliulizwa baada ya ujenzi. Chura alipata mabomba yake; mkulima wa mlau hajaundiwa kitu.

Zambia ilijaribu njia nyingine. Bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye mto Kafue lilijengwa na akiba ya ziada ili kila Machi liachie maji ya kutosha kufurika nyanda za chini. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Katika uendeshaji, mahitaji ya umeme mara nyingi yalishinda.

Kwa hiyo nisingetaka ahadi nyingine ya jumla ya "kuzingatia mazingira". Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inayapa mahitaji ya mazingira nafasi ya mbele, baada ya maji ya majumbani. Kinachokosekana ni ratiba: maji kiasi gani yataachiwa masika, kwa siku ngapi, nani anaweza kuibadilisha na ataitangazaje. Uamuzi huo usibaki kwa anayeuza umeme peke yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na halmashauri zilizo chini ya bwawa wawe na kura. Mwaka wa ukame, TANESCO itapoteza umeme fulani kwa kuachia maji hayo, na hasara hiyo isemwe wazi kwa megawati na kwa shilingi.

Serikali iliwahi kuwahamisha Warufiji kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Walihamia vijiji vya juu, kisha wakaendelea kushuka na jembe begani kila maji yalipopungua.