Jogoo mwenye jina halafu sufuria

Kila sikukuu ikikaribia huku kwetu Goba maneno ni yaleyale, eti mtu unayefuga kuku wako halafu unashindwa kumchinja unajidekeza. Mi naona tunachanganya mambo.

Chukua broila. Kaingia kifaranga, wiki ya tano au ya sita katoka, wako mia na wote sura moja, hata ukitaka kumzoea mmoja utamjulia wapi? Hakuna mtoto anayelia hapo. Ila kienyeji ni miezi sita na kuendelea, chanjo ya kideri unamdondoshea jichoni mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, mchana anazurura uani, jioni anarudi bandani bila kufukuzwa, akisikia bakuli la pumba tu huyo anakuja mbio, mwisho watoto wanampa jina. Wa kwetu aliitwa Bosi. Idi ile nimemchinja, mdogo akajifungia chooni, mkubwa hakugusa pilau. Yaani ukimtunza vizuri ndo kisu kinazidi kuwa kizito, na anayemfuga vibaya ndo analala usingizi.

Sasa wanaosema nyama ni nyama siwapingi moja kwa moja. Yule kuku unayemnunua sokoni kafungwa miguu kaning'inia kichwa chini kwenye bodaboda njia nzima, na hatumlilii kwa sababu hatukumwona. Wa nyumbani angalau kaishi. Halafu sisi Waislamu tumefundishwa kisu usinole mbele ya mnyama wala usimchinje mwenzake anaangalia, kwa hiyo huruma haikuletwa na watoto wa siku hizi wa katuni, ipo kwenye kuchinja kwenyewe.

Ninapowakatalia ni pale baba anapomlazimisha mtoto ale ili "akomae". Akomae nini? Atajifunza kuficha tu. Ila na mimi siachi kufuga kisa machozi, mayai tunakula na nyama tunaitaka.

Tulichofanya safari hii mimi na jirani tumebadilishana majogoo, wangu akaliwe kwake, wake aliwe kwangu. Nikaona hapo nimecheza. Kumbe watoto wetu kutwa wanashinda kwake, jogoo kafika tu getini mdogo anapiga kelele, "Baba, mbona umemleta Chongo?"