Villa Borghese: kununua ni mara moja, kutunza ni kila mwaka

Serikali ya Italia ilipoinunua bustani ya Villa Borghese mwaka 1901 na kuikabidhi kwa jiji la Roma mwaka 1903, wananchi hawakupewa kitu kigeni kwao. Bamba la kale la Kilatini la bustani hiyo, iliyoanzishwa na Kadinali Scipione Borghese mwanzoni mwa karne ya 17, lilimruhusu mgeni aende atakako na aondoke apendapo. Familia ilipotaka kufunga malango miaka ya 1880, jiji lilishtaki, na hukumu ya 1887 ikatambua haki ya umma.

Wanaotetea ununuzi wa 1901 wana ushahidi jirani kabisa: Villa Ludovisi ilikatwa viwanja miaka hiyohiyo ya 1880, na leo ni mtaa wa hoteli na ofisi wa Via Veneto.

Wanaolalamikia gharama nao hawasemi ovyo. Hekta zipatazo 80 zinahitaji mikono kila siku. Chukua misonobari yake yenye vichwa kama miavuli. Mdudu gamba aitwaye Toumeyella parvicornis, aliyetoka Amerika Kaskazini, hufyonza utomvu na kudondosha majimaji matamu. Ukungu mweusi hushika, majani hupukutika, na mti usipotibiwa hufa. Tiba yake ni kutoboa matundu madogo kuzunguka shina, karibu na ardhi, na kuingiza abamektini, dawa ya kuua wadudu, ipande na maji ya mti hadi kileleni. Mti ukiwa na kiu au ukidumaa kwa baridi, dawa hukwama shinani. Tena kila tundu ni kidonda, hivyo mti ukishadhoofika umeshachelewa.

Udongo nao huumia kimyakimya. Mizizi inayofyonza maji iko karibu na uso wa ardhi. Malori na majukwaa ya matamasha yakiushindilia udongo uliolowa, hewa haipenyi. Mti huanza kukauka kutoka kileleni miaka kadhaa baadaye, mwenye tamasha keshaondoka zamani.

Je, watu watozwe langoni? Hapana, hiyo ni kunyang'anya haki iliyopiganiwa mahakamani. Tiketi zibaki ndani ya jumba la sanaa la Galleria Borghese, ambako watu huingia kwa zamu za saa mbili. Wa kulipa ni anayekodi uwanja, mashindano ya farasi ya Piazza di Siena humo bustanini, yaliyoanza 1922, yakiwemo. Aweke amana, ugumu wa udongo upimwe kabla na baada, na fedha ziende kwenye akaunti ya miti peke yake. Amana irudishwe baada ya kipimo cha pili, si siku jukwaa linapoondolewa.